Mstari Uliokumbukwa

Beshte yangu huchora ramani za nyumba hapa Mashuuru kwa laptopu kuukuu, na programu hujizima ikijisikia. Siku nyingine mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Dawa zinajulikana: sevu kila saa, punguza uzito wa faili, tafuta nakala ya akiba. AutoCAD, iliyotoka 1982 na ambayo si anayotumia yeye, huja imepangiwa kujihifadhi kila dakika 10.

Sawa. Na zile dakika ambazo hazikuhifadhiwa zinarudi vipi? Kwa kukumbuka. Hapo ndipo swali linaponikera, maana ukuta uliokumbukwa unafanana kabisa na ule uliopimwa kwa tepu: mstari ule ule mnyoofu, namba pembeni. Karatasi ilikuwa na adabu zaidi. Ukifuta, alama ilibaki.

Mteja ni mzee aliyeuza ng'ombe ili ajenge. Ramani hawezi kuikagua. Fundi atachimba mstari ulipo, na shimo la choo likisogea mita mbili kuelekea kisima, laptopu haitaulizwa.

Beshte anasema kurudi kupima ni nauli ya boda, na hakuna anayelipa mara mbili. Ni kweli, na njaa si hoja ndogo. Lakini basi amwonyeshe mzee kipande alichokikumbuka tu, wakapime hicho pamoja.

“Nikimwambia hivyo ataenda kwa mwingine.”

Huyo mwingine naye programu yake hujizima.