Utulivu wa Mto na Suala la Ukweli katika Sanaa

Kati ya mwaka 1871 na 1878 Claude Monet aliishi Argenteuil, kando ya mto Seine, akachora mara nyingi maji matulivu, mashua na mwanga. Mto huohuo ulikuwa ukipokea majitaka ya Paris yaliyomwagwa upande wa juu, na viwanda vilizidi kujengwa ukingoni. Katika baadhi ya picha hizo dohani huonekana kwa mbali. Uchafu wa maji hauonekani. Swali linalojitokeza ni la kimaadili: je, uzuri unaonyamazia uchafu ni uongo?

Swali hili lina uzito wa pekee likiulizwa Dandora au Korogocho, mitaa ya Eastlands ambako mto Nairobi hupita kando ya jaa lililoanza kutumika katika miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mhakiki wa hapo angeweza kuihukumu picha ya Monet kwa methali moja: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata hivyo, hukumu hiyo ina dosari. Uongo huhitaji kauli, nayo picha ya mwanga juu ya maji haitoi kauli yoyote kuhusu usafi wa maji hayo. Isitoshe, jua la jioni huuangaza mto Nairobi kama lilivyouangaza Seine. Kumtaka msanii wa Eastlands achore takataka pekee ni kumnyima haki ya kuona ambayo Monet hakulazimika kuiomba.

Walakini haifuati kwamba kila ukimya ni halali. Monet alihama Argenteuil; mkazi wa Korogocho mara nyingi hana pa kuhamia. Tofauti ya kimaadili, basi, haimo katika rangi bali katika mahali aliposimama mtazamaji. Kwa anayeweza kuondoka, utulivu waweza kuwa burudani tu. Kwa asiyeweza, utulivu ni dai la haki.

Jina lenyewe la Nairobi hulidhihirisha jambo hili. Asili yake ni maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Kuchafuka kwa mto hakulifanyi jina hilo kuwa uongo. Jina ndilo linaloushtaki uchafu. Vivyo hivyo, picha ya mto mtulivu ikisomwa kutoka Dandora haielezi mto ulivyo, bali hukumbusha kile ambacho mto unadai. Kosa ni la mtazamaji anayedhani kwamba deni hilo limekwisha kulipwa.