Daftari la Kanisa na Mtoto Aliyelelewa



Kijana mmoja wa miaka 22 alikuja kwetu akaomba kuona daftari la ubatizo. Aliletwa kambini akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na sasa amejua kwamba wanaomlea siye waliyemzaa. Alitaka kusoma jina la mama yake. Lakini siku mbili kabla, wazazi wake wa hapa walikuwa wamemtuma mzee wa kanisa kutuomba daftari lisionekane. Si watu wabaya. Mama yule alimgawia kijana chakula chake mwenyewe kila mara mgao ulipopunguzwa. Aliogopa kunyang'anywa mtoto.

Nasi tulifanya nini? Tulimwambia kijana arudi Jumapili. Tulikuwa tunakimbia swali: habari za asili ya mtu ni mali ya nani? Ya aliyemzaa, ya aliyemlea, ya mwenye ufunguo wa kabati, au yake mwenyewe akishakuwa mtu mzima?

Jambo hili si geni katika nchi tulizotoka. Wakati wa utawala wa Ubelgiji, watoto waliozaliwa na baba wazungu na mama Waafrika katika Kongo, Rwanda na Burundi walichukuliwa kutoka kwa mama zao wakawekwa katika misheni. Mojawapo ni ile ya Save, Rwanda. Uhuru ulipokaribia, mamia walipelekwa Ubelgiji kulelewa na watu wengine, na wako waliobadilishiwa majina. Walipokuwa watu wazima waliomba mafaili yao, wakazungushwa miaka mingi. Mwaka 2018 Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio kuhusu watoto hao, na tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuchukuliwa kwa wanawake watano wa Kongo, wakiwa bado hawajafikisha miaka saba, kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walipoisikia hukumu hiyo walikuwa wameshakuwa bibi. Inatuuma sisi watumishi kwamba kazi ile ilipitia mikononi mwa watu wa dini, nao waliamini wanatenda mema.

Uingereza nako karatasi za waliolelewa zilifungwa muda mrefu, kwa kuwa mama wengi waliahidiwa siri. Sheria ya mwaka 1975 ilimruhusu mtu wa miaka 18 kupata cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa. Ila wale waliopewa wazazi wapya kabla ya sheria hiyo walipaswa kwanza kuonana na mshauri. Tunaona busara hapo. Mlango unafunguliwa, lakini mtu haachwi kuingia peke yake.

Maana siri nyingine ni nzito, wapendwa. Miongoni mwetu wako watoto waliozaliwa kwa ukatili wa vita. Yuko mama aliyeolewa mahali pengine na mumewe hajui lolote. Tukimpa kijana jina, je, hatujamfunua mama? Tulilipima sana neno hili. Tunaona kwamba kujua jina la mama si sawa na kwenda kubisha mlangoni kwake. La kwanza ni haki ya mtoto. La pili lahitaji mama naye aulizwe, na akikataa, asilazimishwe.

Someni Ezra 2:61-63. Waliorudi kutoka uhamishoni walitafuta orodha ya ukoo wao, hawakuiona, wakaondolewa katika ukuhani. Hawakutenda kosa lolote ila kukosa karatasi. Mkimbizi analielewa andiko hilo bila kufafanuliwa. Tena mtazameni Esta, yatima aliyelelewa na Mordekai. Mordekai alimwagiza afiche kabila lake kwa watu wa jumba la mfalme, lakini Esta mwenyewe alilijua. Kumficha mtoto kwa adui ni jambo moja, kumficha mtoto kwa nafsi yake ni jingine.

Jumapili tulifungua daftari. Kijana alikuja, na mama aliyemlea akaja pia, amekaa karibu na mlango. Katika safu ya mama lilikuwa jina la huyo huyo mlezi. Mwandiko ulikuwa wetu. Tuliandika hivyo miaka ile tukidhani tunamrahisishia mtoto maisha, wala hatukumwuliza mtu. Tulimwomba kijana msamaha palepale.

Alikaa kimya. Ndipo mama akasema, "Baba Mchungaji, andika." Akataja jina la yule aliyemkabidhi mtoto, na kijiji chake, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Alikuwa amelihifadhi muda wote huo. Tuliliandika pembeni, bila kulifuta jina lake yeye.

Kijana amepeleka ombi la kumtafuta kwa Msalaba Mwekundu. Jibu halijafika. Bado anaishi nyumba ileile, na bado anamwita mama.

Ninyi mnaolea watoto wa wengine, njooni kwa katibu baada ya ibada. Leteni jina la mzazi, kijiji, na aliyewakabidhi mtoto. Tutaandika katika daftari la pekee, litakalofungwa mpaka mwenyewe afikishe miaka 18 na aliombe.