Roho Atakukumbusha Nini?

Somo: Yohana 14:26, 2 Wathesalonike 2:15



Majuzi baada ya ibada mama mmoja alinisimamisha pale mlangoni. Kijana wake yuko chuo. Zamani alikuwa kwaya, leo hata kuomba haombi. Mama akaniuliza, "Pasta, huyu mtoto tulimlea kanisani. Tulikosea wapi?" Sikumjibu haraka. Nilienda nyumbani na swali lingine moyoni: tulimlea kanisani, sawa, lakini tulimfundisha nini?

Sisi tuliookoka, neno "mapokeo" linatukera. Tunakumbuka Marko 7, Yesu akiwakemea Mafarisayo. Ni kweli. Lakini Paulo anatumia neno hilo hilo akiwaambia Wathesalonike washike yale waliyofundishwa. Kumbe shida si kupokea. Shida ni umepokea nini, na kinakupeleka kwa nani.

Wakristo wa kwanza walijadili jambo hili, na wengine walikuwa Waafrika wa kaskazini. Tertullian wa Carthage aliona Athene na Yerusalemu hazina ushirika. Augustine, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Aljeria, aliona tofauti. Alisema elimu ya mataifa ni kama dhahabu ambayo Waisraeli walitoka nayo Misri (Kutoka 12:35-36): ichukue, umtumikie Mungu nayo. Lakini tusisahau Kutoka 32. Dhahabu inaweza kujenga hema, na inaweza kutengeneza ndama.

Mwangalie Marius Victorinus, Mwafrika mwingine. Alikuwa mwalimu mkubwa wa ufasaha Roma, mpaka akasimamishiwa sanamu. Akampokea Yesu uzeeni, akakiri mbele ya watu wote. Mwaka 362 Kaisari Julian akatoa amri iliyowazuia Wakristo kufundisha. Victorinus aliacha shule, hakumwacha Kristo. Huyo alijua thamani ya elimu, na pia alijua mwisho wake.

Elimu ya zamani ilianza na hatua tatu: sarufi, mantiki na balagha. Yaani kwanza unapokea na kukariri, halafu unapima hoja, mwisho unasema kweli kwa ufasaha. Hebu tazama nyumba yako. Mtoto mdogo anakariri bila shida. Akifika miaka kumi na tatu anaanza, "Kwa nini?" Hapo ndipo wengi wetu tumeanguka. Tunamwambia, "Wacha maswali mengi, amini tu." Basi anayabeba maswali yake hadi chuo, na huko kuna watu wako tayari kumjibu.

Mtu atasema, "Pasta, si Roho Mtakatifu atamfundisha yote?" Amina. Lakini soma Yohana 14:26 hadi mwisho. Yesu alisema Roho pia atawakumbusha wanafunzi yale aliyokuwa amewaambia. Sasa yule ambaye hakuambiwa kitu, atakumbushwa nini? Timotheo alikuwa na imani hai, lakini imani hiyo ilikaa kwanza kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike.

Sisemi elimu inaokoa. Mafarisayo walijua Maandiko na wakamkataa Mwokozi. Kuni bila moto haziivishi chakula. Lakini moto bila kuni nao huzima, na tumeona moto mwingi ukiwaka Jumapili na kuzima Jumatano.

Yule mama nilimpigia simu baadaye. Nilimwambia, "Mama, usimgombeze. Muulize ni swali gani lilimshinda, halafu umsikilize mpaka amalize."

Na wewe, wiki hii, baada ya chakula cha jioni weka simu kando. Fundisha watoto Zaburi moja, mstari kwa mstari. Kisha mruhusu kila mmoja aulize swali. Kama hujui jibu, usiogope. Sema, "Sijui, tutafute pamoja." Hayo pia ni malezi.

Mungu awabariki.