Gari la Shule Linapita Mlangoni

Dalali aliyetuonyesha nyumba kule Goba hakutudanganya hata neno moja. Nalitanguliza hili kwa sababu kwa miezi mingi nilimlaumu yeye, na haikuwa haki. Alisema maji yapo, na yalikuwepo. Alisema mtaa umetulia, na ulikuwa umetulia kweli. Nilipomuuliza habari za shule, alinyoosha mkono kwenye barabara ya vumbi iliyopita mbele ya geti, akasema, "Kaka, wala usihangaike. Gari la shule linapita hapa hapa mlangoni." Mke wangu akanitazama, akatabasamu. Tukakubali.

Tulikuwa tunatoka Tabora. Nilihamishiwa Dar es Salaam kikazi na nikapewa wiki tatu za kujipanga. Binti yetu alikuwa na miaka minane, darasa la tatu, katika shule ya msingi ya serikali aliyoiendea kwa miguu. Dakika kumi chini ya miembe, yeye na wenzake watatu wa mtaani, wakiimba mpaka getini. Hesabu alikuwa anaijua. Mdogo wake alikuwa bado hajaanza awali.

Kabla hatujafunga mizigo, mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa tayari Dar alinitumia kwa simu orodha ya shule zilizofanya vizuri. Enzi hizo Baraza la Mitihani lilikuwa bado linatangaza shule kumi bora. Matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotoka Januari 2023, yalitangazwa bila orodha hiyo, nami naona Baraza lilifanya jambo la busara. Lakini wakati ule orodha ilikuwepo, na mzazi anayehamia mji asioujua hushika chochote kinachoonekana kuwa na uhakika. Nikaona shule moja ya mchepuo wa Kiingereza, upande wa barabara ya Bagamoyo. Nikaamua siku ile ile, nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Tabora, mamia ya kilomita kutoka kwenye shule yenyewe.

Nyumba za karibu na shule zilitushinda kodi. Ndipo tukapelekwa Goba, ndani kidogo kutoka lami, ambako kwa fedha ile ile tulipata vyumba vitatu na uwanja wa watoto kuchezea. Tulikwenda kuiona nyumba Jumapili, saa nane mchana, mwezi wa Julai. Zingatia hayo matatu. Jumapili hakuna foleni. Saa nane mchana hakuna giza. Julai hakuna mvua. Mji wote ulikuwa umevaa nguo zake za sikukuu, nami nikadhani ndivyo unavyovaa kila siku.

Tukalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama mwenye nyumba alivyotaka, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Mgeni wa Dar es Salaam ajue kwamba hapo ndipo mlango unapofungwa. Ukishatoa miezi sita, hata ukigundua kosa wiki ya pili, fedha hairudi, na mtu wa mshahara hana nyingine ya kuanzia upya. Utajifunza kuvumilia, na utamfundisha mtoto kuvumilia pamoja nawe.

Shuleni binti yangu alifanyiwa usaili kwa Kiingereza. Alitoka kimya. Tukaambiwa atarudi darasa la pili ili aipate lugha kwanza. Nilikubali haraka mno, na hilo bado linaniuma. Mtoto wa shule ya serikali husoma masomo karibu yote kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu. Kule alikohamia mambo yamegeuzwa. Yale aliyoyajua Juni kuhusu mizizi, shina na majani, Julai alikuwa kama hayajui, kwa kuwa yalikuwa yamebadilishwa majina yote. Hakuwa mzito wa kuelewa. Lakini mtoto wa miaka minane akikaa na wa miaka saba huku akicheka wanapocheka wenzake bila kujua wanacheka nini, ataamini mwenyewe kwamba ni mzito. Tungeweza kumtafutia mwalimu wa lugha kwa miezi michache kabla ya kumwingiza shule hiyo. Tungeweza pia kusubiri Januari, mwaka mpya wa masomo uanze. Hatukufikiria lolote kati ya hayo, kwa kuwa akili zetu zilikuwa kwenye jina la shule.

Uhamisho wenyewe ulikwenda vizuri. Siku hizi kila mwanafunzi ana namba yake katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Shule ya zamani humwachia, mpya humpokea. Ila mwenye mtoto wa darasa la nne au la saba awe mwangalifu zaidi, maana madarasa hayo yana mtihani wa taifa, na mtoto aliyekwisha kusajiliwa yumo kwenye orodha ya watahiniwa wa shule anayotoka.

Asubuhi ya kwanza honi ililia saa kumi na dakika arobaini. Usiku mtupu. Mke wangu alikuwa amemwamsha saa kumi kamili, akamvisha sare akiwa nusu usingizini. Matroni akafungua mlango wa gari, mwanangu akapanda, akageuka kuniuliza, "Baba, mbona wenzangu hawapo?"

Hawakuwepo kwa sababu yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Kutoka kwetu gari lilirudi nyuma hadi Makabe na Mbezi Mwisho kukusanya watoto, ndipo likakata kuelekea shuleni. Safari ambayo bodaboda angeimaliza kwa nusu saa, yeye aliikalia karibu saa mbili. Nilimwomba dereva amchukue wakati wa kurudi. Alinijibu kwa upole kwamba wakati huo gari hukaa kwenye lami, haliingii tena mitaani, maana likiingia watachelewa wote. Jioni ilikuwa vivyo hivyo kinyume chake. Masomo yaliisha saa tisa, yakafuata ya ziada hadi saa kumi, kisha foleni. Wa kwanza kupandishwa alikuwa wa mwisho kushushwa. Alifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, jua limezama. Mara nyingi alilala na tonge mkononi.

Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimechelewa. Mtoto aliondoka gizani akarudi gizani. Mtaa wetu uliotulia, uwanja wa kuchezea, miti ya jirani, vyote tulivyovilipia kodi, hakuwahi kuviona mchana isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Ada tulilipa, nafasi ya darasani akawa nayo, lakini nguvu ya kusoma iliishia njiani. Mwalimu wake, mama mstaarabu, alituandikia kwamba binti anasinzia kipindi cha kwanza. Mimi nilimgombeza mtoto.

Machi masika yakaanza. Wanaokaa ndani ya Goba, Madale, Msakuzi na mitaa mingine ya vilima inayozunguka jiji wanajua maji ya mvua hufanya nini kwenye barabara ya udongo. Korongo lililokuwa la kuruka Julai likawa la kuzunguka. Dereva akaanza kupiga simu: "Mzazi, mlete mtoto lami, huko sishuki." Mke wangu alimbeba mgongoni, dada wa kazi akatangulia na tochi, kilomita moja na nusu ya utelezi, saa kumi na nusu alfajiri.

Siku moja ya Aprili mvua ilinyesha tangu mchana. Jioni dereva aliwashusha watoto kituo cha lami, wazazi wakawa wanagombania kuwapokea chini ya miamvuli. Matroni alikuwa ameshuka mapema siku hiyo. Dada wa kazi alisubiri, akamkosa mtoto, akadhani gari jingine linakuja. Ilipofika saa moja na nusu usiku, simu ya dereva haipatikani na ya ofisi ya shule inaita tu, nilichukua bodaboda hadi mahali magari ya shule yanapolazwa. Mlinzi akanifungulia. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma kabisa, ameketi wima, mkoba umewekwa magotini vizuri. Alikuwa amelala wakati wenzake wanashuka, akaamka gari limesimama gizani. Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele wala kugonga kioo. Alishangaa swali langu. Alidhani ni asubuhi. Alikuwa anasubiri wenzake wapande.

Sikulala usiku ule, na nikiwa macho sikumfikiria dereva wala matroni, ingawa wote wawili walikosea sana na uongozi wa shule ulielezwa hivyo kesho yake. Nilifikiri kwamba mtoto ambaye hawezi tena kutofautisha kwenda na kurudi, sisi wazazi wake ndio tuliomfikisha hapo, kwa hiari yetu, tukilipa.

Bibi wa jirani, ambaye mjukuu wake alisoma shule ya serikali ya mtaani, aliniita siku chache baadaye. "Mwanangu," akaniambia, "huyu binti yenu mimi simjui sura. Tangu mhamie nasikia honi tu." Sikuwa na la kumjibu. Wala sisemi kwamba shule ya mjukuu wake ndiyo ingekuwa dawa. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa, na ingawa kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja, shule nyingi za Dar es Salaam zimekipita mbali, nyingine husoma kwa awamu mbili, asubuhi na mchana. Mzazi anayeogopa msongamano huo ana sababu. Ila mjukuu wa bibi alikuwa ameamka saa kumi na mbili, na alikuwa na nguvu ya kuuliza maswali.

Tulipohama mara ya pili, tulifanya kinyume. Shule kwanza, nyumba baadaye, na nyumba iwe umbali wa miguu ya mtoto hata kama ni ya vyumba viwili. Niliomba ruhusa kazini siku ya Jumanne, tena mvua zikiwa bado hazijaisha. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimesimama njia panda ya mtaa tuliokuwa tunaufikiria, upande wa Kimara, karibu na mama muuza vitumbua. Huyo mama alinifundisha zaidi ya tangazo lolote la shule. Alijua gari lipi hupita saa ngapi, shule ipi watoto wake huja wakikimbia kwa furaha na ipi hulia wakiburutwa, walimu wepi hunywa chai kwake miaka yote na shule ipi kila muhula ina sura mpya. Walimu wanaohama hama ni dalili mbaya kuliko rangi iliyobanduka ukutani.

Kisha nilifungua matokeo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, lakini safari hii sikutafuta wastani. Nilihesabu vichwa. Chukua shule unayoitaka, tazama idadi ya watoto waliofanya upimaji wa darasa la nne mwaka fulani, kisha tazama walioketi kwa mtihani wa darasa la saba miaka mitatu baadaye. Kundi ni lile lile. Kama walikuwa sabini wakawa arobaini, uliza thelathini wamekwenda wapi. Wengine wamehama na wazazi, ni kawaida. Lakini zipo shule zinazomkaririsha darasa mtoto dhaifu au kumshauri mzazi atafute pengine, ili wastani ubaki mzuri. Mtoto wako akija kuyumba mwaka mmoja, shule ya namna hiyo haitamsubiri.

Na anayetafuta nyumba mpakani, kule Kibamba na Kiluvya ambako Dar es Salaam inapakana na Pwani, aulize pia shule iko upande gani. Kwa kawaida mtoto hupangiwa sekondari ya kutwa katika halmashauri alikofanyia mtihani wa darasa la saba, si pale anapolala.

Shule tuliyoipata haijawahi kuwa kwenye orodha yoyote ninayoijua. Ina darasa moja moja, uwanja mdogo, na mwalimu mkuu anayesimama getini kila asubuhi. Binti yangu anaamka saa kumi na mbili kasorobo, na huenda kwa miguu na wasichana wawili wa mtaani. Mwaka mmoja wa darasa aliokwisha kuupoteza hatukuweza kumrudishia.

Wewe unayehama Januari hii, fedha ya miezi sita ikiwa tayari mkononi na dalali amesimama mbele yako anakuambia gari la shule linapita mlangoni, usimbishie. Huenda ni kweli. Muulize tu linapita saa ngapi, na mwanao atakuwa wa ngapi kupanda.