Shahidi wa Mlimani

Tumezoea kusema chuo kikuu humfinyanga mtu. Usemi huo unanisumbua. Udongo hauna kauli mbele ya mfinyanzi, na chungu kikishachomwa hakigeuki tena.

Tazama Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967 alifika pale Yoweri Museveni kutoka Uganda. Yeye na wenzake wakaunda USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, yeye akiwa mwenyekiti. Jumapili walikutana kusoma na kubishana. Mwaka 1968 baadhi yao walivuka hadi Msumbiji kuyaona maeneo yaliyokombolewa na wapigania uhuru wa FRELIMO. Wakaanzisha jarida, Cheche, ambamo Issa Shivji aliandika kuhusu matabaka ya Tanzania waziwazi mno. Mwaka 1970 serikali ikalipiga marufuku, na chama pia. Miaka hiyohiyo Mkenya Willy Mutunga alikuwa akisomea sheria palepale.

Mlima mmoja, hewa ya mijadala ni moja. Museveni akaingia msituni 1981, akashika nchi 1986. Mutunga akawekwa kizuizini Kenya, kisha 2011 akawa Jaji Mkuu. Shivji akabaki Mlimani kufundisha sheria. Tanuri gani hilo?

Mimi naona chuo humpa mtu shahidi. Ile ni miaka ambayo akili imekomaa kiasi cha kushika hoja, na bado hakuna cheo cha kulinda wala ada za watoto za kuhofia. Unasema unachokiamini, wenzako wanakusikia, wanakukatalia. Miaka thelathini baadaye umeketi ofisini, kalamu mkononi, na yule kijana uliyekuwa zamani amesimama mlangoni. Unaweza kumsikiliza au kumfungia nje. Kumfuta huwezi. Chini ya Museveni, Uganda iliondoa ukomo wa mihula ya rais 2005, na ukomo wa umri 2017. Ningependa kujua kijana wa zile Jumapili aliuliza nini.

Sisemi kijana huyo ndiye hakimu. Alikuwa na uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuamua jambo linalogusa chakula cha maelfu, na mengine aliyoyaamini yalistahili kuachwa. Lakini kuyaacha mbele yake, ukimweleza sababu, ni tofauti kabisa na kuyaacha kimyakimya.

Ndiyo maana naumia nikimwona mwanafunzi wa leo akipita miaka mitatu kwa desa na hesabu za GPA. Simlaumu. Bumu linachelewa, ajira ni chache, na nyumbani wanamsubiri. Anajibu mtihani kama mhadhiri alivyosema, anavaa joho, anapiga picha na mama yake, anaondoka bila kuwahi kusimama mbele ya wenzake na neno lake mwenyewe likapingwa. Huenda akapanda haraka, maana hana ubishi. Siku atakapoletewa karatasi asiyopaswa kuitia saini, atainua macho mlangoni, na hapatakuwa na mtu.