Nani Aaminiwe na Siri?

Msomaji, yako maswali ambayo mtu huulizwa mara moja tu, na jibu lake likamfuata mpaka uzeeni. Mojawapo ni hili: je, mtu aliyepata kutumia dawa za kulevya aweza kukabidhiwa siri ya taifa? Swali hili si la mbali. Mji wa Isiolo una chuo cha askari wa miguu cha jeshi la Kenya. Mji huo huo hupokea mafungu ya miraa kutoka milima ya Nyambene, yamefungwa kwa majani ya mgomba. Sare na kileo ni majirani.

Huenda ukasema, "Kiingiacho kinywani mwangu chahusu nini siri ya serikali?" Hoja hiyo yastahili jibu. Serikali huchelea mambo matatu. Kwanza, ulevi hulegeza akili, na ulimi hufuata akili. Pili, atumiaye kilichokatazwa huvunja sheria mahali asipoonwa. Na siri nayo hutunzwa hapo hapo, mahali pasipo shahidi. Tatu, mwenye aibu ya kuficha aweza kutishwa na adui: "Nipe waraka ule, la sivyo nitakutangaza." Hapo siri ndogo ya mtu mmoja huwa bei ya siri kubwa ya watu wote.

Lakini yatupasa kupambanua. Miraa si haramu kwa sheria ya Kenya. 2016 sheria ilikiri kuwa ni zao la biashara. Uingereza iliipiga marufuku 2014. Jani moja, huku riziki, kule kosa. Bangi, kwa upande wake, imekatazwa Kenya na sheria ya 1994. Basi kinachopimwa si jani peke yake, bali ni moyo wa mtu mbele ya sheria ya nchi anayotaka kuitumikia.

Tutazame Marekani. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alitoa amri iliyotaja uraibu wa dawa za kulevya miongoni mwa mambo ya kuchunguzwa kwa mtumishi wa serikali. Kanuni zilizoanza kutumika 2017 huwataka wachunguzi waangalie mtu alitumia lini, mara ngapi, na kama ameacha kweli. Mwaka 2021 mkuu wa ujasusi wa nchi hiyo alieleza kwamba kuvuta bangi zamani ni jambo la kuangaliwa, lakini peke yake halikati hukumu. Maelezo hayo yalikumbusha pia kwamba ruhusa ya jimbo haikuondoa katazo la taifa zima. Lakini kusema uongo kwa makusudi katika fomu ya uchunguzi ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5.

Je, mizani hiyo ni ya haki? Naona ni ya haki. Mwanadamu aliyeanguka aweza kuinuka, na taifa lisilojua kusamehe hupoteza watumishi wema. Bali mwongo hakuanguka jana. Anaanguka leo, mbele ya yule yule anayemwomba amana. Utauliza, "Kwa nini niseme kweli, ikiwa kweli yaweza kuninyima kazi?" Kwa sababu siri iliyokwisha kusemwa haina bei tena. Hakuna awezaye kukutisha kwa jambo ambalo umelitamka mwenyewe. Kazi yaweza kukupita, lakini hutakuwa mtumwa wa mtu.

Kenya nayo hutoa cheti cha mwenendo mwema kwa alama za vidole. Cheti hicho hujua hukumu za mahakama. Hakijui yaliyofanywa gizani. Hayo unayajua wewe.

Basi, msomaji, ikiwa hujaonja, usiuze uhuru wako kwa raha ya jioni moja. Ikiwa umeonja, acha leo, ili miaka ianze kukushuhudia. Na siku utakapoulizwa, sema kweli. Mtu hukabidhiwa siri za wengine baada ya kujikomboa na zake mwenyewe.