Pembetatu ya Samawati

Mwezi wa Juni 2011, mama mmoja Mdinka aliyeishi Kileleshwa, ambaye nilikuwa nikiwashonea watoto wake sare, alikuja kibandani kwangu Kawangware akitaka bendera. Akanichorea: nyeusi, nyekundu, kijani, na mistari myeupe katikati.

"Mama, hii si yetu?"

"Ni yenu, fundi. Ongeza pembetatu ya samawati na nyota."

Nikapanda matatu ya 46 hadi mjini, nikanunua kitambaa Biashara Street. Niliporudi kwenye cherehani, swali likanishika: ninaishonea bendera nchi ambayo haijakuwapo?

Tarehe 9 Julai Rais Kibaki alikuwa Juba kwenye sherehe za uhuru. Tarehe 14 Umoja wa Mataifa ukaipokea Sudan Kusini, mwanachama wa 193. Sasa ilizaliwa lini? Wako wasomi wanaosema nchi huwa nchi pale wengine wanapoikubali. Mimi sikubali. Bendera ile ilikuwa ikipepea tangu mkataba wa amani ya Sudan uliotiwa sahihi uwanjani Nyayo, Januari 2005. Na Januari 2011 mama yule alinionyesha kidole chenye wino wa kura ya kuamua kujitenga au kubaki na Sudan, aliyoipiga hapa hapa Nairobi. Kwenye karatasi kulikuwa na mikono miwili iliyoshikana, ya umoja, na mkono mmoja ulioinuliwa, wa kujitenga. Alichagua ule mmoja, kama walivyofanya karibu watu 99 katika kila 100.

Neno letu la kuikubali nchi ni kutambua, na humtambui mtu usiyemjua. Mungu alimjua Yeremia kabla hajazaliwa. Sisi binadamu humjua mtu kwa kukaa naye. Kenya ilikaa na Wasudan Kusini kambini Kakuma tangu 1992, ikakaa nao kwenye mazungumzo ya amani Machakos 2002. Mwaka 2011 ilisema tu hadharani: huyu namjua. Ukishasema hivyo, huwezi kujifanya humjui siku nyumba yake inapoungua.

Ikaungua Disemba 2013. Mama yule na mteja wangu mwingine, Mnuer, walizoea kungojea nguo wakiwa wameketi benchi moja. Baada ya vita kuanza na kuwagawa Wadinka na Wanuer, kila mmoja akawa anapiga simu kwanza kuuliza nani yuko. Serikali hutambua serikali, na balozi ana rais wa kumpelekea hati zake. Mimi nilikuwa nimewatambua wawili hawa, wala sikuona hati ya kunichagulia mmoja wao.

Kila Jumapili nawaombea kwa majina. Jina linalotangulia nalibadilisha kila wiki.